“Fast”: inakuwaje iwe mbio, na iwe pia kukwama?

“Shikamoo mwalimu. Huu mwaka wa nne najifunza Kiingereza jioni baada ya kazi, na wenzangu wamezoea kuniletea karatasi zao niwasomee. Wiki iliyopita neno moja limeniaibisha. Mwenzangu alipewa karatasi ya vipimo vya damu, imeandikwa ‘fast for eight hours’. Nikamwambia awahi, asipitishe saa nane. Akanywa chai yake na mkate, akawahi, wakamrudisha. Nilipofungua kamusi nikakuta ‘fast’ ni haraka, ni kitu kilichokazwa, ni kukaa bila kula, halafu chini yake ‘stuck fast’, kukwama kabisa. Lebo ya shati langu nayo imeandikwa ‘colour fast’. Jamaa mmoja ananiambia haya ni maneno matatu mbalimbali yaliyofanana kwa bahati tu, kama kaa wa baharini na kaa la moto. Mwingine anasema ‘breakfast’ ni kula upesi upesi kabla ya kazi, ndiyo maana ina ‘fast’ ndani yake. Nani mkweli? Na nitajuaje hapa ni lipi na pale ni lipi? Sasa naogopa hata kumsomea mtu barua.”

Marahaba. Mpe pole mwenzako kwa safari ya bure, na wewe pole kwa aibu. Lakini usijilaumu kupita kiasi, maana ndani ya maneno manne ilitegwa mitego miwili. Wa kwanza ni hilo “fast”. Wa pili ni “eight hours”: macho yakiwa na haraka yanasoma saa nane, na saa nane kwetu ni wakati, tena mchana kweupe. Karatasi ilitaja muda: akae saa nane nzima bila kutia kitu tumboni. Mitego hiyo ikishaungana, “wahi saa nane” inatoka laini kabisa, na inaleta maana. Kosa la tafsiri linaloleta maana ndilo baya, kwa sababu hakuna anayelishtukia. La kipuuzi hujifichua lenyewe.

Mimi mwenyewe niliianza kazi hii kwa kosa la ukoo huo huo. Nilikuwa nafasiri hadithi ya wavuvi, nikafika kwenye sentensi “He made the boat fast and went ashore.” Nikaandika kwa kujiamini: “Aliongeza mwendo wa mashua, akashuka nchi kavu.” Mhariri wangu, mzee mpole, hakunifokea. Alizungushia duara la penseli, akaandika pembeni: “Ameshukaje, mashua iko mbio?” Yule mvuvi alikuwa ameifunga mashua gatini. Mwendo hakuuongeza hata kidogo, aliukomesha. Tangu siku hiyo neno hili silipiti bila kulitazama mara mbili.

Sasa swali lako. Jamaa zako wote wawili wamekosea, ingawa wa kwanza amekosea kwa akili. “Fast” ya mbio, ya kukazwa na ya kutokula ni neno moja, la ukoo mmoja. Tena ile maana unayoiona ndiyo yenyewe, ya haraka, ndiyo iliyochelewa kuingia nyumbani. Mwenye nyumba ni kukazwa.

Nianze na kaa, kwa sababu mfano wake ni mzuri ila umewekwa mahali pasipo pake. Kaa wa baharini, kaa la moto na kaa kitako kwa msemaji wa leo ni maneno matatu. Hakuna njia ya kukutoa kwa mnyama mwenye magamba ukafika kwenye kipande cha moto, ndiyo maana kamusi huyapa vidahizo tofauti, yaani kila moja linaorodheshwa peke yake. Wanaisimu huita hiyo homonimia: sauti moja, maneno mengi. Lakini chukua piga. Tunapiga ngoma, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga picha, tunapiga hatua. Hakuna anayesema hayo ni maneno sita. Ni neno moja lililotembea, na ukitulia unaweza kufuata nyayo zake. Hiyo ni polisemia. Kiingereza kina zote mbili. “Light” ya mwanga na “light” ya wepesi ni kama kaa: yalikuwa maneno mawili yenye mizizi mbalimbali, yakachakaa kwa karne nyingi hadi yakafanana. “Fast” ni kama piga.

Huenda jamaa yako alipotoshwa na kamusi yenyewe. Kamusi nyingi huitenga “fast” ya kutokula, zikaipa kidahizo chake, na msomaji akiona namba mbili anadhani ni koo mbili. Mara nyingi ni mpangilio wa kumrahisishia mtu kutafuta. Kamusi inayoeleza asili ya maneno itakuonyesha pote pawili panarudi kisima kimoja.

Kisima chenyewe ni hiki. Katika Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa kabla ya takriban 1100, kulikuwa na kivumishi “fæst”. Maana yake: imara, kilichokazwa, kisichotikisika. Ndugu zake wako hai hadi leo katika lugha za ukoo ule. Kijerumani kina “fest”, Kiholanzi kina “vast”, na yote mawili ni imara, thabiti. Kiingereza cha leo kimejaa mabaki ya maana hiyo, ila yamevaa nguo ambazo huzitambui upesi. “Fasten”, kufunga mkanda au vifungo, limetoka humo, na ile t iliyo katikati siku hizi haitamkwi. “Steadfast”, mtu thabiti, lilikuwa kihalisi mtu aliyesimama imara mahali pake. “Fast asleep” ni mtu ambaye usingizi umemkamata haswa. Sisi tunasema amelala fofofo. “Fast friends” hawana uhusiano wowote na urafiki wa harakaharaka. Ni marafiki wa kufa na kuzikana.

Kuna moja ninalolipenda zaidi kwa sababu Waingereza wenyewe walilisahau. Mtu mwenye haya zamani aliitwa “shamefast”, yaani aliyeshikwa na haya, haya imemfunga asifanye ovyo. Maana ya “fast” kuwa kushikwa ilipofifia vichwani mwa watu, wakalisikia kama neno la uso, wakalibadilisha kuwa “shamefaced”, mwenye aibu usoni. Hata wenye lugha hupotea njia ndani ya neno lao, basi wewe mwanafunzi wa jioni usione haya sana.

Hapo ndipo swali lako linapouma: imara imegeukaje kuwa mbio? Kitu kilichokazwa hakiendi popote. Inaonekana kama mtu aite usiku mchana.

Jibu unalo mdomoni kila siku. Ukimwambia mwenzako njiani “kaza mwendo, giza linaingia”, unamtaka afanye nini? Aongeze kasi. Na kaza ni nini? Unakaza kamba, unakaza skrubu, unakaza fundo: unafanya kitu kisilegee. Fundo lililokazwa halisogei, na mwendo uliokazwa ndio unaosogea zaidi. Kitenzi ni kimoja, na hakuna Mswahili aliyewahi kukaa chini akashangaa. Kilichotokea kwetu ndicho kilichotokea kwao.

Njia ilipitia kwenye kielezi. Kando ya kivumishi “fæst” kulikuwa na kielezi “fæste”, kwa uimara. Kwanza kilikaa na vitenzi vya kushika: kushika “fæste”, kufunga “fæste”. Kisha kikaanza kuandamana na vitenzi vya kazi, na hapo kikawa na maana ya kwa nguvu, bila kulegeza. Ukipigana hivyo, unapigana kwa bidii. Katika Kinorsi cha Kale, lugha ya watu wa kaskazini waliohamia Uingereza kwa wingi, mtu aliweza hata kunywa “fast”, yaani kunywa kwelikweli bila kuweka chombo chini. Sasa kiweke kielezi hicho karibu na kukimbia. Mtu anayekimbia kwa nguvu bila kulegeza anakwendaje? Anakwenda kasi. Msikilizaji akisikia sentensi hiyo mara elfu, nguvu inafifia akilini na kasi inabaki. Katika Kiingereza cha Kati, kati ya takriban 1100 na 1500, maana ya upesi ikawa imeshika mizizi, kwanza katika kielezi. Kivumishi kikafuata baadaye: kwanza farasi alikimbia “fast”, ndipo farasi mwenyewe akaitwa “fast”.

Ukitaka kuona hatua ya katikati ikiwa hai, tazama neno “hard”. Nalo ni gumu, lisilobonyea, lakini “run hard” ni kukimbia kwa nguvu zote, na “it’s raining hard” ni mvua kubwa. “Hard” limesimama nusu ya njia ambayo “fast” lilishaimaliza.

Hapa pana faida ndogo ya darasani. Bila shaka umewahi kusahihishwa kwa kuandika “fastly”. Kila mwanafunzi huandika hivyo, kwa sababu amefundishwa kwamba kielezi hupata -ly. Ile -e ya mwisho wa “fæste” ndiyo iliyokuwa alama ya kielezi. Ilipodondoka katika matamshi, kivumishi na kielezi vikabaki na sura moja, na “fast” ikatulia hivyo. “Hard” nayo ilipitia hapo hapo, na mtu akiibandika -ly anapata kitu kingine kabisa: “hardly” ni kwa nadra, kwa shida. “He works hard” ni sifa. “He hardly works” ni shitaka.

Twende kwenye kutokula. Hapa Kiswahili kinakupa zawadi ya pili, na sijui kwa nini walimu hatuitumii. Sisi tunasemaje mtu anapokaa bila kula kwa ibada? Amefunga. Kufunga! Kitenzi kile kile cha kufunga mlango, mzigo na mashua. Na tunasema pia ameshika saumu, anashika amri, anashika dini. Kwa hiyo wazo la kwamba kujizuia ni kujikaza au kushikilia jambo halina ugeni wowote kwetu.

Kwa upande wao ushahidi ni mkongwe. Katika karne ya 4 askofu Wulfila aliifasiri Biblia kwa Kigothi, lugha ya ukoo wa Kijerumani ambayo sasa imekufa. Alikuwa na kitenzi “fastan”, akakitumia penye kushika amri, na akakitumia pia penye kufunga kula. Yaani anayefunga ni anayeishikilia amri, asiiachie mpaka muda utimie. Kiingereza cha Kale kilikuwa na “fæstan”, Kijerumani cha leo kina “fasten”, Kiholanzi “vasten”, vyote vya kufunga. Haraka haimo humo hata tone.

Sasa “breakfast” inajieleza. “Break” ni kuvunja, “fast” ni mfungo: chakula kinachovunja mfungo wa usiku, hata kama mfungo wenyewe ulikuwa usingizi tu. Neno limo katika maandishi tangu karne ya 15. Mwambie jamaa yako anaweza kukaa mezani kwa muda wa saa mbili akila taratibu, na bado itakuwa “breakfast”. Sisi tuna kifungua kinywa, na wanaofunga saumu wana futari, neno lililotoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupasua na ya kuvunja mfungo. Hata “dinner”, kile chakula kikubwa, lilianza maisha kama neno la kufungua. Lilitoka Kifaransa, na Kifaransa kililipata kwenye kitenzi cha Kilatini cha mitaani, kuacha kufunga. Likasogezwa saa hadi saa mpaka watu wakasahau. Yaani Mwingereza anafungua asubuhi, halafu jioni anafungua tena!

Lebo ya shati lako ni nyepesi baada ya hayo. “Colour fast” ni rangi iliyoshika kwenye uzi, haichuji ukifua. Ungeisoma kwa macho ya haraka ungedhani rangi itatoka upesi, ukalifua peke yake kwa hofu bure.

Lakini kuna ndugu ya lebo hiyo ambaye nataka nikae naye kidogo, kwa sababu watu wanakuletea karatasi za hospitali na iko siku utakutana naye: “acid-fast”. Linaonekana kwenye majibu ya makohozi. Fundi wa maabara hupaka makohozi kwenye kioo, akayamwagia rangi nyekundu na kuipasha moto iingie. Kisha anasuuza kwa asidi. Bakteria wengi hapo huachia rangi. Wale wa kifua kikuu, ambao ukuta wa seli yao umejaa mafuta mazito kama nta, hawaachii. Wanabaki wekundu chini ya hadubini, huku vingine vyote vikipakwa buluu ili wao waonekane. “Acid-fast” maana yake ni hiyo tu: rangi imeshika, asidi imeshindwa kuitoa. Ni lebo ya shati lako, isipokuwa shati ni bakteria.

Mfasiri mwenye haraka ataandika “bakteria sugu kwa asidi”, na kwa kamusi hajakosea. Ila mgonjwa akiliona sugu pale anasikia kifua kikuu sugu, yaani kile kisichosikia dawa, na hilo ni jambo jingine kabisa, zito mno. Mimi ningeandika “bakteria wasioachia rangi kwa asidi”. Ni ndefu, haipendezi, lakini haimuui mtu kwa hofu.

Sasa utajuaje ni lipi? Usilitazame neno lenyewe, tazama lililo jirani yake. “Fast” likifuata kitenzi cha mwendo au cha kazi, kama kwenda, kukimbia, kukua, kuongea, ni upesi: “the car went fast through the mud”, gari lilipita matopeni mbio. Likifuata kitenzi cha kushika, kusimama, kunasa au kufunga, ni imara: “the wheel stuck fast in the mud”, gurudumu lilinasa kabisa. Matope ni yale yale, kitenzi ndicho kilichoamua. “Hold fast” ni shikilia, “stand fast” ni simama imara usirudi nyuma, na “make fast” unaijua sasa, mimi niliilipia kwa aibu yangu.

Likiwa lenyewe ndilo kitenzi, hakuna kubahatisha: “she fasts twice a week”, hufunga mara mbili kwa wiki. Hapo ndipo ungeokoka siku ile. Sentensi ya “fast for eight hours” haina kitenzi kingine, na ni agizo. Kwa hiyo “fast” ndiyo kitenzi, na kama kitenzi halina maana ya kuwahi. Ukiona “fasting” au “fasted” kwenye karatasi ya tiba, usiwaze mbio hata sekunde moja.

Likitangulia nomino, mara nyingi ni haraka, “a fast train”, lakini hapo pana wachache wakorofi: “fast friends” nimekutajia, na “a fast day” huwa siku ya kufunga. Likija nyuma ya neno jingine na kuungana nalo, kama kwenye “steadfast” au kwenye lebo yako, ni kushika. “A hard and fast rule” ni sheria isiyopindishwa. Usemi huo ni wa mabaharia, wa chombo kilichokwama nchi kavu kisitikisike. Saa ya mkononi nayo ina lake: “five minutes fast” ni saa iliyotangulia dakika tano, hata kama inakwenda sawasawa. Na ukisoma maandishi ya kale ukakuta “fast by the river”, ni karibu kabisa na mto, kana kwamba kimegandamana nao. Siku hizi husikii mtu akisema hivyo.

Utauliza wenyewe hawachanganyikiwi? Mara chache sana. Sisi tunasema “niazime baiskeli”, na tunasema “nimeazima baiskeli”, kitenzi kimoja cha anayetoa na anayechukua, na baiskeli haijawahi kupotea kwa sababu ya sarufi. Waingereza waliwahi hata kuuchezea mgongano huu. Katika karne ya 16 kulikuwa na walaghai wa magulioni waliokunja mkanda kwa ustadi, wakauweka mezani ukionekana una kitanzi katikati. Mteja anaambiwa achome kijiti ndani ya kitanzi aukamate mkanda pale mezani. Anachoma, ana hakika ameushika. Mlaghai anavuta ncha mbili, mkanda unatoka mtupu, kijiti kimesimama peke yake, pesa imekwenda. Mchezo uliitwa “fast and loose”, umekazwa na umelegea, na Shakespeare aliutaja. Leo “to play fast and loose” ni kumfanyia mtu ukigeugeu. Wengi wanaotumia usemi huo wanadhani unahusu haraka.

Kuhusu namna ya kujifunza, nikuambie kwa uwazi. Wako watakaokushauri ukariri orodha ya maana. Orodha hukaa kichwani hadi siku ya mtihani. Wako, kama mimi, watakaokupa historia, na historia ni tamu na inanasa, lakini ina mipaka: inakueleza kwa nini jambo limekuwa hivyo baada ya kulijua, haikutabirii. Ukitegemea historia pekee ukakuta “fast” kwenye sentensi ya Kijerumani, utaandika imara au upesi, kumbe kwao neno hilo hilo, lenye herufi hizo hizo, leo ni karibu, takriban. Lilitoka kisima kile kile likapita njia yake. Ninachokushauri ni kamusi ya wanaojifunza, ile yenye sentensi za mifano, na daftari ambamo unaandika neno pamoja na jirani yake: usiandike “fast”, andika “stuck fast”, “fast asleep”, “fast for eight hours”. Inachosha kidogo mwanzoni. Historia itumie kama gundi.

Matamshi sitajaribu kuyafundisha kwa maandishi. Kusini mwa Uingereza a ya “fast” hurefushwa, kaskazini na Marekani ni fupi, na tofauti hiyo inataka sikio na mtu aliye mbele yako. Mwombe mwalimu wako wa jioni akutamkie zote mbili, uchague moja.

Na usiache kuwasomea wenzako. Ila kwa karatasi za tiba jiwekee mpaka: wewe soma, eleza ulivyoelewa, kisha mwenye karatasi ahakikishe kwa waliompa kabla hajafuata. Hata tafsiri ikiwa sahihi, karatasi huwa haisemi kila kitu. Kwa vipimo vingi vya sukari na mafuta katika damu, maji matupu huruhusiwa. Kabla ya upasuaji masharti ni mengine na ni makali zaidi, kwa sababu kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu mgonjwa akiwa amepewa nusukaputi. Na mtu anayetumia dawa za kisukari asikae na njaa saa nane kwa maelezo ya karatasi peke yake. Aulize dawa yake aifanyeje siku hiyo.

Kwa mwenzako, mwandikie hivi kwenye kipande cha karatasi: “Usile wala kunywa chochote isipokuwa maji kwa muda wa saa nane kabla ya kutolewa damu.” Kabla hajaitumia, apige simu pale walipomrudisha, awasomee sentensi hiyo, na awaulize kama hayo maji wanayakubali. Na weka hilo “kwa muda wa” hapo lilipo, asije akafika saa nane mchana ameshiba.